Breki za Uwanjani: Madai Tisa Yanayokula Pesa Bure

Kila anayeanza kupeleka gari lake kwenye uwanja wa mbio hupata ushauri wa breki kabla hajapata hata helmeti. Fundi ana wake, muuza spea ana wake, na jamaa mwenye Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu ana wake, mrefu kuliko wote. Mwingi wa ushauri huo una chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoufanya udumu. Kasoro yake ni kwamba unajibu swali ambalo uwanja haukuuliza.

Barabarani breki huulizwa: utasimama? Uwanjani huulizwa: utasimama tena, na tena, kwa dakika 20 mfululizo, bila kupewa nafasi ya kupoa? Swali la kwanza ni la nguvu, la pili ni la joto. Pesa nyingi zinazopotea kwenye breki za uwanjani hupotea kwa sababu mtu amenunua nguvu, ilhali alichokosa ni mahali pa kulipeleka joto.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua gari la kilo 1,400, dereva akiwa ndani. Likishuka kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80 kabla ya kona, linapoteza nishati ya takriban megajuli 1.8. Gari hilohilo likisimama kabisa kutoka kilomita 100 kwa saa, yaani ile breki ya ghafla inayomwaga mizigo ya nyuma, linapoteza megajuli 0.54 tu. Kona moja ya uwanjani basi ni zaidi ya mara tatu ya dharura ya barabarani. Upepo huchukua sehemu ndogo ya nishati hiyo. Iliyobaki yote hugeuka joto, na asilimia 70 hivi ya joto hilo huenda magurudumu ya mbele. Diski ya mbele yenye kilo 8 za chuma hupanda karibu nyuzi 150 kwa breki hiyo moja. Kabla haijapoa sawasawa, kona nyingine imefika.

Ukiishika hesabu hiyo, madai yafuatayo yanaanza kujipanga yenyewe.

Dai la 1: “Breki kubwa hufupisha umbali wa kusimama”

Breki husimamisha gurudumu. Gari husimamishwa na tairi. Kama ukikanyaga pedali kwa nguvu ukiwa kilomita 100 kwa saa ABS inaanza kutetemeka chini ya mguu, basi breki zako tayari zina nguvu kuliko mshiko wa tairi zako. Kuongeza nguvu hapo hakuongezi kitu.

Tairi la kawaida lenye kipimo cha mshiko cha 0.8 linahitaji mita 49 hivi kulisimamisha gari kutoka kilomita 100 kwa saa. Tairi bora lenye kipimo cha 1.0 linahitaji mita 39. Hizo mita kumi zinauzwa duka la tairi. Hakuna kalipa inayoziuza.

Anayebisha atazame magari ya ubingwa wa dunia wa rali. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa huo mwaka 2021, huko Naivasha, magari yalikimbia na diski za mbele za milimita 300 ndani ya rimu za inchi 15. Magari ya ngazi hiyohiyo yakienda kwenye rali za lami hufungwa diski za milimita 370 na rimu za inchi 18. Vumbi na changarawe havitoi mshiko wa kutosha kuitumia breki kubwa, na tairi refu lenye rimu ndogo lina faida zaidi kwenye mawe. Lami hutoa mshiko, mshiko huruhusu breki kali, breki kali huzaa joto, na joto ndilo linalodai diski kubwa. Wahandisi wa magari hayo huanza na tairi na njia, kisha ndipo wanapofika kwenye diski.

Diski kubwa basi ina kazi gani? Ni sufuria nzito: huchelewa kupata moto. Diski ya kilo 10 badala ya 8, kwa breki ileile tuliyoipigia hesabu, itapanda nyuzi 120 badala ya 150. Hiyo ni faida ya kweli kwa mtu anayezunguka kwa dakika 20. Lakini ni faida ya uvumilivu, na bei yake ni uzito zaidi kwenye gurudumu, uzito ambao springi na shokomzoba hulazimika kuubeba kwenye kila tuta.

Historia inasema hivyohivyo. Mwaka 1953 Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda saa 24 za Le Mans wakiendesha Jaguar C-Type yenye breki za diski za Dunlop, kwa wastani wa kilomita 170 hivi kwa saa. Breki za ngoma za wapinzani wao ziliweza kusimama vizuri zikiwa baridi. Diski zilizishinda kwa kufanya kazi ileile saa baada ya saa, usiku na mchana, wakati ngoma zilikuwa zikichoka.

Dai la 2: “Mafuta ya breki ni mafuta tu, mradi kikopo kimejaa”

Hili ndilo dai la hatari kuliko yote, kwa kuwa linahusu kitu cha bei ndogo kinachosababisha kufeli kukubwa.

Kwanza, mengi ya yale tunayoyaita mafuta ya breki si mafuta. Ni kimiminika cha jamii ya glikoli, na glikoli hunyonya maji kutoka hewani. Maji yakiingia, kiwango cha kuchemka kinashuka. Viwango vya kimataifa vinataka DOT 4 mpya isichemke chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji asilimia 3.7, inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 155. DOT 3 huanza na 205 na kushuka hadi 140. DOT 5.1 huanza na 260 na kushuka hadi 180. Anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako hewa yenyewe ina unyevu, asijidanganye kwamba mafuta yaliyokaa kwenye gari miaka mitatu bado ni ya kiwango cha kwanza.

Mafuta yakichemka ndani ya kalipa, hugeuka mvuke. Kimiminika hakibonyei, mvuke hubonyea. Unakanyaga, na mguu unabonyeza mapovu. Pedali inazama hadi sakafuni, gari halipungui mwendo. Ukipampu mara mbili tatu inarudi kidogo, na hiyo ndiyo dalili ya kukariri: pedali laini, ndefu, inayorudi kwa kupampu, ni mafuta yaliyochemka.

Mafuta ya mbio kama Motul RBF 600 huchemka yakiwa mapya kwenye nyuzi 312. Castrol SRF inasifika kwa jambo jingine: hata ikishanyonya maji hubaki kwenye nyuzi 270. Yote mawili yanaingia kwenye mfumo uleule wa DOT 4 bila kubadilisha kifaa chochote. Usiyachanganye na DOT 5 isiyo na nukta moja nyuma yake. Hiyo ni silikoni, haichanganyiki na glikoli, na haifai kwenye mfumo wa ABS. Mauzauza ya namba hizo mbili yamewaponza wengi.

Na kile kikopo kilichojaa? Pedi zikiisha, pistoni husogea nje na kiwango cha mafuta kinashuka. Fundi anayeongeza tu kila kinaposhuka anaficha habari ambayo kikopo kilikuwa kinajaribu kukupa: pedi zimekwisha. Chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita na kuachwa juu ya rafu nayo imeshaanza kunywa maji. Inunuliwe ndogo, imwagwe yote ndani ya gari, mabaki yasihifadhiwe kwa ajili ya uwanja.

Dai la 3: “Pedi kali kuliko zote ndizo bora kila mahali”

Pedi huchaguliwa kwa joto zitakalofanyia kazi. Pedi nyingi za barabarani, zikiwemo zile za kauri zinazopendwa kwa kuwa hazipigi kelele wala hazichafui rimu, zimetengenezwa kwa ajili ya foleni na shule za watoto. Uwanjani hupita joto lao baada ya mizunguko michache. Dalili ya pedi iliyochoka ni kinyume cha ile ya mafuta: pedali ni ngumu, iko juu, unakanyaga kwa nguvu zote, na gari linaendelea kwenda. Kutofautisha dalili hizi mbili kutakuokolea pesa, kwani wapo wanaobadilisha kalipa kwa tatizo la mafuta, na wapo wanaomwaga mafuta mapya kwa tatizo la pedi.

Upande wa pili wa shilingi huwa hausemwi dukani. Pedi za mbio halisi zinataka joto ndipo zishike. Asubuhi ya baridi Limuru au Mbeya, kwenye taa za kwanza za barabarani, zinaweza kushika vibaya kuliko pedi za kawaida. Zinakula diski zikiwa baridi, na zinapiga kelele inayowageuza watu shingo. Kwa gari linalokwenda kazini Jumatatu na uwanjani Jumamosi, pedi za katikati kama Ferodo DS2500, ambazo mtengenezaji amezipangia kazi tangu nyuzi 20 hadi 500 kwa msuguano wa wastani wa 0.42, zinaeleweka zaidi kuliko pedi ya mbio tupu. Anayekwenda kwa kasi zaidi, mwenye tairi zenye mshiko mkubwa, ataivuka nafasi hiyo na atahitaji seti mbili: moja ya barabarani, nyingine ya kufunga uwanjani.

Unene nao una kazi. Pedi ndiyo ukuta kati ya diski yenye moto na pistoni yenye mafuta nyuma yake. Pedi iliyobaki milimita 4 hupitisha joto upesi, na hapo hata mafuta ya bei kali yatachemka. Anayeingia uwanjani na nusu ya pedi ameshapoteza sehemu ya kinga aliyoilipia.

Mwisho, pedi mpya hazikimbizwi siku ya kwanza. Gundi iliyomo hutoa gesi inapopata moto mkali kwa mara ya kwanza, na gesi hiyo hukaa kati ya pedi na diski. Zinazoeshwa kwa breki kadhaa za wastani, kisha kali zaidi, bila kusimama kabisa, na baadaye gari linaendeshwa taratibu mpaka zipoe.

Dai la 4: “Diski zenye matundu hupoa haraka”

Matundu yalikuwa na maana zamani, wakati pedi zilitoa gesi nyingi iliyohitaji mlango wa kutokea. Pedi za leo, zikishazoeshwa, hazina shida hiyo kwa kiasi kilekile. Wakati huohuo kila tundu ni chuma kilichoondolewa, na hesabu yetu ya mwanzo inasema chuma ndicho kinachobeba joto. Kila tundu pia ni mahali ambapo ufa huanzia. Diski ya bei nafuu iliyotobolewa na mashine baada ya kusubiwa huota nyufa kutoka tundu hadi tundu, na siku moja nyufa hizo hukutana.

Porsche hutumia diski zenye matundu na magari yake hukimbia vizuri, hilo ni kweli. Lakini diski zake zimebuniwa hivyo tangu mwanzo, na wenye magari hayo wanaokwenda uwanjani huzikagua na kuzibadilisha nyufa zikifika kwenye kingo. Mwenye bajeti ya kawaida atafaidika zaidi na diski bapa, au yenye mifereji inayopangusa uso wa pedi.

Kinachopoza diski ni hewa inayoingia katikati yake na kusukumwa nje na mapezi yaliyo ndani. Diski inayozunguka ni pampu. Ipelekee hewa pale pampu inapovutia, yaani kwenye tundu la katikati. Mrija wa milimita 75 kutoka kwenye bampa hadi nyuma ya kitovu cha gurudumu, ukielekezwa katikati na si usoni mwa diski, hufanya kazi ambayo matundu hayawezi. Ukiupulizia uso mmoja tu, upande mmoja unapoa kuliko mwingine, na diski inaanza kupata mkazo usio sawa. Diski zenye mapezi yaliyopinda zina upande wa kulia na wa kushoto. Zikifungwa kinyume, pampu inafanya kazi vibaya.

Sisi wa nyanda za juu tuna sababu ya ziada. Nairobi iko juu ya mita 1,700 hivi, na Kyalami, uwanja wa kilomita 4.522 karibu na Johannesburg ambao Mwafrika wa mashariki mwenye ndoto ya uwanja mkubwa huuwaza kwanza, uko zaidi ya mita 1,500. Kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ufukweni. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, tena inalizuia gari kidogo linapopunguza mwendo, hivyo breki zinabaki na kazi kubwa zaidi. Seti iliyosifiwa na mtu wa Dubai au wa Uingereza, kwenye usawa wa bahari, haikupimwa kwa hewa yako.

Dai la 5: “Usukani unatetemeka, diski imepinda”

Carroll Smith, mhandisi wa mbio aliyefanya kazi kwenye mradi wa Ford GT40 wa Le Mans na kuandika vitabu ambavyo mafundi wa mbio bado wanavisoma, aliandika makala nzima kulipinga dai hili. Hoja yake ni kwamba kinachoitwa kupinda, mara nyingi, ni vitu vya pedi vilivyogandia kwenye diski bila usawa. Sehemu moja ina tabaka nene, nyingine jembamba, na mguu unahisi tofauti hiyo kama mtetemo.

Namna inavyotokea ni rahisi. Dereva anamaliza mzunguko wake wa mwisho kwa kasi kamili, anaingia eneo la maegesho, anasimama na kuendelea kukanyaga pedali huku diski zina nyuzi mia kadhaa. Pedi inaacha alama yake palepale. Alama ile ikiendelea kupata moto kuliko sehemu nyingine, na joto likifika nyuzi 650 au 700, chuma cha kusubu chini yake kinaweza kubadilika kuwa kitu kigumu zaidi, na hapo hata kuchonga diski kunaondoa alama ya juu na kuacha mzizi.

Dawa haiuzwi. Mzunguko wa mwisho uendeshwe taratibu, bila kugusa breki inapowezekana. Ukiegesha, weka gia na kizuizi cha gurudumu, ondoa mguu. Alama ikishatokea mapema, breki kadhaa za kuzoesha kwa pedi zinazokwaruza zinaweza kuifuta. Kabla ya kununua diski mpya, fundi apime pia kitovu: kutu kidogo nyuma ya diski huifanya ikae upande, na diski mpya ikikaa juu ya kutu ileile itatetemeka vilevile.

Dai la 6: “Pistoni nyingi, nguvu nyingi”

Nguvu ya kubana hutoka kwenye eneo la pistoni za upande mmoja na shinikizo la mafuta. Idadi peke yake haisemi kitu. Kalipa ya kawaida inayoteleza, yenye pistoni moja ya milimita 57, ina eneo la sentimita za mraba 25.5. Kalipa ya pistoni nne, upande mmoja ukiwa na ya milimita 40 na ya milimita 36, ina 22.7. Ile yenye pistoni nne inabana kwa nguvu ndogo zaidi kwa shinikizo lilelile.

Haina maana kwamba ni mbaya. Haipanuki upesi ikibanwa, inasukuma pedi ndefu kwa usawa, na pedi kubwa hustahimili joto zaidi. Lakini hizo ni faida za hisia ya mguu na za joto. Anayetarajia gari lisimame kama limegonga ukuta atasikitika.

Hapa ndipo wenye Subaru wanapohitaji kuwa makini. Kufunga kalipa za Brembo za Impreza STI, zenye diski za mbele za milimita 326, kwenye WRX au Forester ni kazi inayofanyika kila siku kwenye gereji zetu. Ikifanywa mbele na nyuma, na rimu zenye nafasi, ni kazi nzuri. Ikifanywa mbele peke yake, kwa kuwa pesa zimeishia hapo, uwiano unahama. Magurudumu ya mbele yanafikia ukomo wa mshiko mapema, ABS inaingilia kati, na ya nyuma yanabaki na uwezo usiotumika. Umbali wa kusimama unaweza kuwa mrefu kuliko ulivyokuwa. STI ina diski za nyuma za milimita 316 kwa sababu, na masta silinda imechaguliwa kuendana na ujazo wa pistoni zote. Badilisha upande mmoja wa hesabu na pedali itakuambia, kwa kuwa fupi na ngumu kama jiwe au ndefu na laini.

Na yale magamba mekundu ya plastiki yanayobandikwa juu ya kalipa? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yanazuia hewa kufika mahali pekee palipokuwa panapoa. Uwanjani yanayeyuka.

Dai la 7: “Mipira ya chuma itafupisha breki”

Mipira iliyosukwa kwa waya za chuma haipanuki sana mafuta yanaposukumwa, hivyo pedali inakuwa na hisia safi zaidi. Dereva anajua mapema zaidi tairi linakaribia kuteleza, na hilo lina thamani. Umbali wa kusimama kwa mtu anayeiachia ABS kazi hautabadilika.

Ila kuna sababu nyingine ya kuibadilisha, hasa kwetu. Kenya inaruhusu gari lililotumika kuingia likiwa na hadi miaka minane. Likishatumika hapa miaka mingine saba, mipira yake ya awali ina miaka 15. Mpira wa umri huo huvimba, na ndani yake unaweza kuchanika na kuzuia mafuta kurudi, breki ikabaki imeshika. Ukiwa umeshaamua kubadilisha mipira iliyozeeka, mpya ya kawaida itafaa. Ya chuma inunuliwe yenye alama ya majaribio ya mtengenezaji, na ikaguliwe isikwaruze kwenye bodi usukani unapopindwa hadi mwisho.

Dai la 8: “Tumia gia na breki taratibu, uokoe breki”

Ushauri huu ni mzuri kwenye mteremko wa Mai Mahiu au Kitonga, ambako lori linashuka kilomita nyingi kwa mwendo uleule. Uwanjani unageuka kuwa hasara.

Kuteremsha gia uwanjani ni kujiandaa kutoka kwenye kona. Ukiitumia injini kama breki kuu, mzigo unakwenda kwenye magurudumu yanayoendeshwa peke yake, uwiano unavurugika, na klachi na gia zinalipa bili. Pedi ni rahisi kuliko giaboksi, popote uendako.

Kukanyaga kidogo kidogo kwa mita nyingi nako hakuokoi kitu. Nishati ya kupunguza mwendo ni ileile. Tofauti ni kwamba pedi zimekaa juu ya diski muda mrefu zaidi, na muda wa kupoa kati ya kona umepungua. Madereva wazoefu hukanyaga kwa nguvu mapema, kwa muda mfupi, kisha huachia taratibu wakielekea kwenye kona. Mwanafunzi mwenye gari lilelile anaweza kuchemsha mafuta yaliyomfaa mwalimu wake siku nzima. Saa moja na mwalimu basi ni sehemu ya breki.

Dai la 9: “Diski za kauri na kaboni zinamaliza mjadala”

Porsche ilianza kuziuza kwenye 911 GT2 mwaka 2001, zikiwa na nusu ya uzito wa diski za chuma. Ni kazi ya kihandisi inayostahili heshima. Kwa gari la barabarani linalokimbia mara chache zitadumu sana. Uwanjani, joto kali linaunguza nyuzi za kaboni zilizomo ndani, na uchakavu huo hauonekani kwa unene kama wa chuma. Diski hupimwa kwenye mizani. Seti ikifa, bei ya kuirudisha inaumiza. Ndiyo maana wamiliki wengi wanaokwenda uwanjani mara kwa mara hufunga za chuma na kuzihifadhi zile za kauri kwa siku ya kuuza gari.

Diski za Formula 1 nazo zisitajwe kama ushahidi. Hizo ni kaboni kwa kaboni, teknolojia ya ndege ambayo timu ya Brabham ilianza kuijaribu mwaka 1976. Zinahitaji joto la nyuzi mia kadhaa ndipo zishike sawasawa, na hufika nyuzi 1,000. Kwenye foleni ya Thika Road zingekuwa hazifanyi kitu.

Basi pesa zianze wapi?

Zianze na kinachofeli kwanza, na kwa magari mengi mpangilio ni huu: mafuta mapya yanayostahimili joto, pedi zinazolingana na tairi na kasi yako, mirija ya hewa, mipira kama imezeeka, diski bapa za ubora wa kweli, na mwisho kabisa kalipa kubwa, mbele na nyuma, kwa vipimo vinavyolingana. Hatua mbili za kwanza zinatatua shida za wengi wanaokimbia kwa burudani, na jumla yake ni sehemu ndogo ya bei ya seti ya kalipa.

Kabla ya kupanda ngazi kutoka hatua moja hadi nyingine, pima. Kuna rangi za kupaka kwenye ukingo wa diski zinazobadilika zikifika joto fulani: ya kijani kwenye nyuzi 430, ya machungwa kwenye 560, nyekundu kwenye 610. Kuna pia vibandiko vya joto vya kubandika kwenye kalipa. Kama ya machungwa haijabadilika baada ya siku nzima na pedali iko palepale ilipokuwa asubuhi, huna tatizo la breki, hata kama rafiki zako wote wana kalipa nyekundu. Kama imebadilika na vibandiko vinaonyesha kalipa inapita nyuzi 200, sasa una hoja ya kumpelekea muuza spea, na yeye ndiye atakayelazimika kueleza diski yake ina kilo ngapi na hewa itaingilia wapi. Akikujibu kwa rangi na jina la kampuni, weka pesa mfukoni na uende duka la tairi.